Daraja la Blenheim Liachiwe Maji Yake

Mwaka 2018 maji ya ziwa la kasri la Blenheim, katika mkoa wa Oxfordshire nchini Uingereza, yalishushwa na wataalamu wakaingia ndani ya Daraja Kuu, katika vyumba vilivyokuwa vimezama tangu karne ya 18. Walikuta ngazi na korido zingali zimesimama, lipu imeshika ukutani, na maandishi yaliyokwaruzwa na watu wa miaka ya 1760. Picha zile bado zinazunguka, na kila zinaporudi mbele ya macho yetu hurudi na tafsiri ileile: kwamba lipo daraja zuri kuliko hili tunaloliona, lilizamishwa na mtengeneza bustani asiyejua thamani yake, na kwamba uhifadhi wa kweli ungekuwa kuyafungulia maji yaende zake. Upande wa pili wapo wanaoitazama kazi ya kuzoa tope ziwani wakasema hiyo ni fedha ya kumpambia tajiri bustani, kwa kuwa daraja la mawe lililosimama miaka 300 halidai chochote kwa mtu.

Kwa maoni yangu wote wamelisoma daraja hili vibaya. Hakuna daraja kamili lililojificha chini ya ziwa. Lililopo ni kazi ya watu watatu ambao hawakuwa na nia moja: wa kwanza alilijenga, wa pili akalikatiza njiani, wa tatu akalizamisha sehemu ya chini. Kazi ya huyo wa tatu ndiyo iliyolipa umbo linalolifanya listahili kutunzwa. Maji ni sehemu ya daraja kama lilivyo tao lenyewe. Kuzoa tope, basi, ni kulikarabati daraja, na umma una haki ya kuuliza habari za kazi hiyo kwa sababu fedha za umma ndizo zilizoweka mawe yale pale.

Habari yenyewe inaanzia vitani. Tarehe 13 Agosti 1704, karibu na kijiji kimoja cha Bavaria kwenye mto Danube, jeshi la John Churchill, Duke wa kwanza wa Marlborough, pamoja na washirika wake, liliwapiga Wafaransa na Wabavaria. Malkia Anne akamzawadia milki ya kifalme ya Woodstock na ahadi ya kumjengea kasri, na kodi ya milki hiyo ikawekwa kuwa bendera: kila mwaka wazao wa Duke hupeleka Windsor, kwenye kasri la mfalme, bendera ya Ufaransa kabla siku ya kumbukumbu ya ushindi haijapita. Ahadi ya fedha haikuwekewa kiwango. Kosa hilo moja ndilo lililozaa karibu kila ugomvi uliofuata, na bila kulielewa huwezi kuelewa kwa nini daraja lina sura iliyo nayo leo.

Msanifu aliyechaguliwa, John Vanbrugh, alikuwa mwanajeshi wa zamani na mtunzi wa tamthilia ambaye hakusomea usanifu, ila msaidizi wake, Nicholas Hawksmoor, aliifahamu kazi barabara. Kaskazini mwa mahali pa kasri palikuwa na bonde pana lenye kinamasi, na katikati yake kijito cha Glyme, maji ambayo mtoto angeweza kuyavuka bila kulowa magoti. Magari ya farasi yalihitaji njia ya kuvuka bonde. Christopher Wren, mjenzi wa kanisa kuu la St Paul's la London, alipendekeza daraja la wastani, la chini, la gharama ya kiasi. Vanbrugh alitaka kitu cha kushindana na Warumi, na ndiye aliyeshinda. Tao la kati, lililojengwa na mwashi Bartholomew Peisley wa Oxford, lina upana wa futi 101, yaani karibu mita 31. Juu ya daraja Vanbrugh alichora safu ya matao yenye paa, ili anayevuka aone ukumbusho wa ushindi kila upande. Ndani ya kuta nene za pembeni aliweka vyumba, baadhi vikiwa na meko. Hakuna anayejua kwa hakika nani alikusudiwa kuishi humo.

Sarah, mke wa Duke, alivihesabu vyumba hivyo akasema ni 33, na hesabu yake haikuwa ya kusifia. Vitabu vingi vimemchora Sarah kama mwanamke mgomvi aliyemsumbua msanii hodari. Mimi nikiyafuatilia malalamiko yake naona mtu aliyeuliza maswali ambayo mkaguzi yeyote wa hesabu angeuliza: daraja kubwa namna hii linavuka nini, vyumba hivi ni vya nani, na nani ameidhinisha gharama? Alilipenda pendekezo la Wren tangu mwanzo. Naye alikuwa akiona kilichokuwa kinakuja. Mwishoni mwa mwaka 1711 mumewe alifukuzwa katika nyadhifa zake, na mwaka 1712 Hazina ikafunga mkono. Kufikia hapo ilikuwa imekwisha kutoa takriban pauni 220,000, na waashi, wachukuzi na wauza mawe walikuwa wakidai pauni 45,000 nyingine. Baadhi ya mafundi hao ilibidi waende mahakamani. Tao kubwa lilikuwa limekwisha fungwa juu, limesimama peke yake bondeni, bila barabara iliyokamilika upande wowote.

Vanbrugh aliondoka mwaka 1716 baada ya ugomvi wa barua na Sarah. Duke alifariki mwaka 1722, na mjane wake ndiye aliyeimaliza kazi kwa masharti yake mwenyewe. Ile safu ya matao ya juu ikafutwa. Kanali John Armstrong akaitwa kuunyoosha mto Glyme kuwa mfereji mwembamba unaopita chini ya tao. Matokeo yake yalikuwa kichekesho kwa wengi wa zama hizo: mdomo wa mita 31 ukimeza mfereji mwembamba. Mwaka 1725 Vanbrugh alikuja na mke wake kuangalia alichokianzisha, wakazuiwa kuingia kwa amri ya Sarah. Alifariki mwaka uliofuata. Huyu ndiye mtu ambaye watetezi wa kukausha ziwa wanasema wanataka kumrudishia daraja lake.

Miaka 40 baadaye, kuanzia 1764, Duke wa nne alimwajiri Lancelot Brown, aliyejulikana kwa lakabu ya Capability, aitengeneze upya bustani. Brown alijenga bwawa upande wa chini wa bonde, akauzuia Glyme, akaacha maji yapande. Mfereji wa Armstrong ukapotea. Vyumba vya chini vya daraja vikajaa maji. Maji yalipotulia, kilichokuwa mzaha kikakoma kuwa mzaha: tao likawa na ziwa la kulivuka, urefu uliozidi ukafichwa, na kivuli cha tao majini kikaikamilisha duara. Niliwahi kuvuka daraja hili asubuhi moja ya Oktoba, nikashuka ukingoni kulitazama kutoka upande wa kasri, na sikuona kitu kilichopungua. Ilinibidi nikumbuke nilichosoma ndipo nijue kwamba chini ya maji yale palikuwa na sakafu ambazo watu walizitembelea.

Sasa tuzipime hoja. Ya wanaotaka maji yaondolewe ina nguvu yake na si haki kuipuuza. Vyumba ni vya Vanbrugh, na majengo yake si mengi. Lipu yenye umri wa miaka 300 ni kitu adimu, na kila mwaka wa unyevu unaila. Mtu akisema kwamba mwenye mali hakuwa na haki ya kuzamisha kazi ya msanii mkubwa kwa ajili ya mandhari, amesema jambo ambalo leo, kwa sheria za leo za uhifadhi, lingezuia kazi ya Brown siku ya kwanza. Isitoshe, wanauliza, kama tuna uwezo wa kuliona daraja zima, kwa nini tujinyime?

Swali langu kwao ni hili: mnarudi mwaka gani? Mkirudi 1710, mtapata tao tupu bondeni ambalo halijakamilika na halina njia. Mkirudi miaka ya 1720, itawabidi muuchimbe tena mfereji wa Armstrong, ambao Vanbrugh hakuuchora na ambao ulilifanya daraja lichekwe. Mkitaka alichokusudia Vanbrugh hasa, itawabidi mjenge juu ya daraja safu ya matao ambayo haijawahi kuwapo duniani ila kwenye karatasi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambapo daraja lilikuwa zima, likaja kuharibiwa na maji. Kukausha ziwa kungetupa daraja jipya la karne ya 21 lililovikwa jina la karne ya 18, na bei yake ingekuwa kulibomoa ziwa la Brown, ambalo nalo ni kazi ya msanii, na ambalo lilihesabiwa pamoja na kasri pale UNESCO ilipoiandika Blenheim katika Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Na kuna ushahidi wa Vanbrugh mwenyewe, ambao hunishangaza kwamba hautajwi katika mabishano haya. Ng'ambo ya bonde, karibu na mahali daraja linapotua, palikuwa na magofu ya nyumba ya kale ya wafalme, Woodstock Manor. Sarah alitaka yabomolewe. Mwezi Juni 1709 Vanbrugh aliandika waraka wa kuyatetea. Hakudai kwamba ni majengo mazuri. Alisema majengo ya kale yanatugusa kwa sababu ya watu waliokaa humo, mambo yaliyotendeka humo, na hata mazingira ya ajabu yaliyoyasimamisha. Sarah alishuku kwamba anayatetea kwa kuwa alikuwa ameyageuza makazi yake, na huenda kulikuwa na ukweli katika shaka hiyo, na baadaye magofu yakaondolewa. Lakini ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa Uingereza yanayotetea kutunza jengo kwa ajili ya historia yake. Kwa kipimo hicho cha msanifu mwenyewe, kilichotendeka katika daraja hili ni pamoja na kufungwa kwa Hazina, mafundi wasiolipwa, mjane aliyeshika daftari, na maji yaliyopanda ngazi kwa ngazi. Huwezi kuyatoa hayo ukabaki na jengo lilelile.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba jiwe halihitaji mtunzaji. Anayesema hivyo hajawahi kusimama karibu na mwashi. Tao husimama kwa sababu kila jiwe linalisukuma jirani yake, na msukumo wote unashuka hadi kwenye kuta za pembeni na ardhi iliyo chini yake. Kinachoyatuliza mawe katika kubanana huko ni chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na hupumua unyevu. Mvua ikipenya sakafu ya juu, huiosha chokaa kidogo kidogo kutoka ndani. Mizizi ya mche mmoja ulioota ufani hufanya kazi ya patasi. Majira ya baridi maji yaliyonaswa huganda, hutanuka, na kuubandua uso wa jiwe. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe anayajua haya kwa njia yake, kwa sababu ameona ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji: saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza huku uso wake ukiwa safi. Mawe ya Blenheim nayo ni mawe ya chokaa, na ubishi wa saruji na chokaa ni uleule. Kuyaanika ghafla mawe yaliyokaa majini miaka 250 kuna hatari yake pia, kwa sababu jiwe hukauka nje kabla ya ndani, chumvi ikaja juu, na baridi ikamalizia. Wanaotaka ziwa likaushwe kwa ajili ya kuokoa lipu wangepaswa kulipima hilo kwanza.

Tope nalo lieleweke linatoka wapi. Glyme hupita katika mashamba kabla ya kuingia Blenheim, na huja na udongo. Mto ukiingia ziwani hupunguza mwendo, na udongo hutua. Brown alipozuia mto alijenga pia, bila kukusudia, mtego wa tope ambao haujaacha kunasa kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Sehemu ya ziwa iliyo juu ya daraja, iitwayo Queen Pool, ilikuwa imefikia kina cha sentimita 30 hivi mahali palipokusudiwa kuwa na mita mbili. Ikiachwa hivyo, matete huota, ukingo husogea, na mwishowe tao la Vanbrugh litarudi kuvuka kinamasi, kama siku ile Sarah alipouliza linavuka nini. Bwawa lenyewe lina madai yake: Sheria ya Mabwawa ya 1975 inataka hifadhi kubwa za maji zikaguliwe na wahandisi wenye sifa, kwa kuwa bwawa likipasuka kuna watu wanaoishi upande wa chini wa mto. Kazi hizi hazina picha ya kuvutia. Mtu akichanga fedha angependa kuona lipu na meko, wala si malori ya tope. Hata hivyo ndizo zinazoliweka daraja mahali pake.

Hoja ya fedha ndiyo inayonigusa zaidi, na hapa nawaelewa wenye hasira. Blenheim si maskini. Ina ada za watalii wengi, ina ardhi, na imekuwa ikijenga na kuuza nyumba jirani na mji wa Woodstock ili kupata fedha za ukarabati. Familia ya Duke bado ina makazi ndani ya kasri. Mfanyakazi anayelipa kodi ya nyumba Oxford, mojawapo ya miji ghali nchini, ana sababu ya kuuliza kwa nini hata senti moja ya serikali iguse daraja hilo. Lakini jibu la kwamba daraja ni la mtu binafsi, basi alitengeneze mwenyewe, linafuta historia kwa faida ya mwenye mali. Lililipiwa na Hazina. Lilisimama nusu kwa sababu Hazina iliacha kulipa. Kulihesabu kuwa mali ya faragha tu ni kumsamehe mpokeaji wa zawadi deni la shukrani. Ninachokiona kinafuata kutokana na historia hiyo ni kwamba fedha za umma zikienda pale ziende na masharti, na waliolipa wapate kitu kinachoshikika.

Historia hii inatufikia hata sisi wa Afrika Mashariki. Winston Churchill alizaliwa katika kasri hili mwaka 1874, na mwaka 1908 alimposa Clementine katika kibanda cha mawe kando ya ziwa hilohilo la Brown. Mwaka mmoja kabla, akiwa waziri mdogo wa makoloni, alipanda reli kutoka Mombasa, akavuka Ziwa Victoria, akasimama mbele ya maporomoko ya Ripon huko Jinja, akahimiza nguvu ya maji yale ifungwe na itumiwe. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954 yeye akiwa waziri mkuu, na maporomoko ya Ripon yakatoweka chini ya maji. Sidai kwamba ziwa la utotoni lilimfundisha hivyo. Ninachoona ni tofauti: Blenheim mwenye mali alizamisha vyumba vya familia yake mwenyewe, kwa hiari yake, ili aone mandhari, Jinja serikali ya kikoloni iliamua kwa niaba ya watu waliokuwa na majina yao ya mto ule na ya mahali pale, ambayo Ripon si mojawapo. Leo Uganda haiwezi kuyafunua maporomoko bila kuzima umeme. Kilichobaki ni picha za zamani na kumbukumbu za wazee, na kila mwaka wazee hao wanapungua.

Kwa sababu hiyo, kinachonitia wasiwasi kuhusu vyumba vya Blenheim ni rekodi yake kuliko maji yake. Kila maji yanaposhushwa kwa ajili ya ukaguzi, vyumba vipimwe upya, vipigwe picha ukuta kwa ukuta, na vipimo vyote viwekwe hadharani bila malipo, mwanafunzi wa usanifu wa Dar es Salaam avione sawa na aliyenunua tiketi mlangoni. Fungu la tope na la bwawa litengwe kwanza kabla ya fungu la maonyesho. Na iwepo siku moja kwa mwaka ambayo yeyote anavuka daraja bila ada. Ningechagua 13 Agosti, siku ileile inayokumbukwa kwa bendera ya Windsor, ili kodi ya milki ilipwe kwa mfalme na kwa umma kwa pamoja.

Na katika vipimo hivyo, maandishi ya miaka ya 1760 yatangulie. Waliokwaruza kuta zile walikuwa humo katika miaka ileile ambayo Brown alikuwa akijenga bwawa upande wa chini wa bonde. Majina ya Duke, ya Vanbrugh na ya Brown tunayo kila mahali. Ya hawa yako ukutani tu, na maji yakirudi hayasomeki.